Kiti cha Mninga Juu ya Plastiki

Mimi kwenye mkeka sikai. Kwenye kiti nakaa, hata msikitini nasali juu ya kiti karibu na nguzo, lakini chini siwezi, nyonga ya kushoto inakataa. Ilibanwa kati ya ubavu wa boti na sanduku la barafu siku tulipopinduka nje ya Mlingotini. Tulikuwa tisa, tukarudi sita. Aliyetupindua ni nahodha. Alipandisha nyavu zote mbili zikiwa bado zinachuruzika maji, tukamwambia chombo kimelemewa, akatujibu mwenye hofu akakae na mama yake. Jina lake silitaji, si kwa kumwogopa, ila mama yake mzazi yu hai na ndiye aliyenifunza alifu na bee. Lakini ni yeye. Siku hizi yuko Bagamoyo mjini, anakunywa kahawa barazani na wenziwe, na tukikutana huniuliza, "Nyonga vipi?" kama vile nyonga ni mtoto wangu anayesoma mbali.

Baada ya hapo nikawa mpara samaki. Mtu niliyevua tangu sijabalehe, nikawa nakaa kwenye kindoo pwani, napara changu na tasi waliovuliwa na watu niliowafundisha mimi kufunga ndoana. Shule niliishia darasa la nne, kazi nyingine sijui. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana kibanda Ubena kando ya barabara kuu, anauza mananasi na mkaa kwa watu wa magari. Kila akija kutusalimia alikuwa na neno lilelile.

"Shemeji, njoo ukae dukani. Kiti kipo, kivuli kipo. Pwani hapa unangoja nini?"

Ubena hakuna hata harufu ya bahari. Mke wangu hakunilazimisha, lakini na yeye alichoka kuniona nanuka magamba ya samaki wa watu.

Basi ikafungwa hoteli moja ya wageni upande wa kaskazini, vitu vyake vikauzwa. Watu wakagombea vitanda na masufuria. Ikabaki kayaki moja ya plastiki, kuukuu, hakuna aliyeitaka. Zamani ilikuwa rangi ya chungwa, jua likaifanya kama ganda la papai bovu. Nikaichukua mimi. Niliwaza hivi: boti kubwa hawanipandishi tena, wanasema miguu yangu mizito, na ngalawa inataka watu wawili. Hii ni ya mtu mmoja. Kafi lake lina ncha mbili, nyonga haifanyi kazi, inayofanya kazi ni mikono.

Tatizo likawa kukaa. Kwenye kayaki mtu anakaa chini kabisa, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto anayelishwa uji. Kiti chake cha kitambaa kilikuwa kimeoza, na hata kingekuwa kizima kisingenisaidia. Siku ya kwanza sikufika hata kwenye vigingi vya mwani. Nyonga iliwaka, nikarudi nimeuma ulimi, nikabebwa kutolewa. Hapo jambo likawa wazi kwangu: nikipata kiti cha kuniinua shibiri moja, magoti yakunjike, nitavua. Nisipopata, naenda Ubena kuuza mananasi.

Nikaenda kwa mjomba. Mjomba wangu, kaka wa mama, ni fundi wa mitumbwi na ngalawa, ameunda vyombo vingi kuliko nyumba zilizopo kijijini kwetu. Alikuja pwani na keekee yake ya kutobolea mbao begani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hii nini?"

"Kayaki."

"Imekufa lini?"

Akaizunguka. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, ingawa sikio lenyewe limekwisha kwa miaka ya nyundo. Kisha akaona mashimo. Ile kayaki ilikuwa na mashimo sita sakafuni, makubwa, unapitisha kidole gumba, na ukichungulia unaona mchanga chini. Mjomba akapitisha kidole, akakichezesha kwa upande wa pili.

"We mtoto," akaniambia, na mimi nimeshapita hamsini, "hiki chombo kimetobolewa."

"Nadhani ndivyo kilivyozaliwa, mjomba. Niliwaona wageni wakienda nacho na kurudi."

"Wageni wanajua kuogelea. Mashimo sita! Fundi wake nani, panya?"

Watu wakacheka. Shemeji yangu alikuwapo, ndiyo kwanza ameshuka kutoka Ubena, akacheka kuliko wote. Na ni yeye aliyesema, "Ziba hayo kwanza, mzee, kiti baadaye." Nalisema hili ili lijulikane. Baadaye alikana.

Huku kwetu fundi hakabidhi chombo mpaka akijaribu kwa maji. Anamimina ndoo ndani, anapiga magoti, anatazama chini ya tumbo la chombo kama kuna tone linatoka. Likitoka tone, chombo kinabaki kwake, hata mwenye chombo alie. Mjomba hajawahi kuuvunja utaratibu huo. Akamimina ndoo moja kwenye kayaki yangu. Maji yote yakatokea chini kwa pamoja, yakamlowesha magoti. Akasimama, akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeuziwa mbuzi mfu.

Akayaziba. Alichukua pamba, akaichovya mafuta ya nazi, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo, shimo moja baada ya jingine, juu na chini, kalafati ya kweli kabisa kama anayotia kwenye mashua. Kazi safi. Mimi mwenyewe nilimshikia pamba, na nilifurahi.

Halafu kiti. Alitengeneza fremu ya mninga, miguu minne mifupi imeungwa kwa mbao mbili za chini. Juu yake akafunga kikalio na mgongo wa kiti cha plastiki kilichovunjika miguu, akakikata mikono kwa msumeno ili kafi lipite. Kilikuwa kiti kizuri. Nilikikalia pale mchangani, magoti yakakunjika, nyonga ikanyamaza, nikahisi kulia. Akachukua keekee kutoboa sakafu ya kayaki apitishe skrubu. Ilipoingia ikadidimia mara moja, kama vile chini yake hakuna kitu. Mjomba akasita.

"Laini sana," akasema.

"Plastiki hiyo, mjomba."

"Ndiyo, plastiki."

Akatoboa nane, akakaza nane. Akamimina ndoo mbili za maji. Akapiga magoti. Hakuna tone. Tukasoma Fatiha, akanikabidhi chombo mbele ya watu. Nilipokuja alasiri kuyamwaga yale maji nikakuta yamepungua, yamebaki kama nusu. Nikamwambia.

"Jua limeyanywa," akasema.

Siku ile ilikuwa ya mawingu. Niliona mawingu, nikamsikia mjomba, nikamwamini mjomba.

Nikatoka na maji ya asubuhi. Sijui nieleze vipi. Nilikaa juu kama watu, miguu imekunjwa, mshipi mkononi, na nyonga imekaa kimya kabisa. Nikavua changu wanne na pono mmoja pembeni ya mwamba. Nilikuwa naongea peke yangu. Nilimtukana nahodha kwa sauti, na hakuna aliyenizuia.

Kisha kayaki ikaanza mambo yake. Inalala kushoto, inakaa hapo hapo, haitaki kurudi. Nikiegemea kulia inakuja taratibu, inapitiliza, inalala kulia. Kama mtu aliyelewa anayetafuta mlango. Nikatazama sakafuni, kuna maji kidogo tu ya mawimbi, nikayakomba kwa kopo. Haikusaidia kitu. Nikarudi polepole nimeshika kafi kama fimbo ya kipofu.

Tulipoivuta nchi kavu ndipo maajabu. Kayaki hii wanaume wawili waliinyanyua kama jeneza tupu. Sasa wanne hawakuinyanyua, wakaiburura kwa harambee na kelele. Na katika zile kelele mimi nikasikia maji. Chwa, chwa, ndani kabisa. Nikatazama juu, nikatazama chini. Maji hakuna.

Hapa lazima niseme kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mke wangu. Tangu boti ipinduke, masikio yangu huvuma maji. Nakuwa nimekaa nakula, yanakuja, kama nimezamishwa kichwa. Hospitali waliangalia masikio wakasema ni mazima. Kwa hiyo niliposikia yale maji sikujua ni yepi. Ni ya nje ama ni yangu?

Nikamngoja shemeji akae peke yake, nikamuuliza.

"Shemeji, tega sikio hapo. Unasikia maji?"

Akainama kwenye kayaki. Wakati huo imeshatulia juu ya mchanga, kimya.

"Maji gani?"

"Ya ndani."

"Ndani ya wapi, shemeji? Hii si nzima kama ubao?" Akaipiga kofi. "Hebu kaa kivulini kidogo."

Jioni yake mke wangu alikuwa ameshajua. Aliniwekea chakula, akaniangalia ninavyotafuna.

Mjomba naye akaja na maelezo yake. Mbao hunywa maji, alisema, ndiyo maana ngalawa mpya huwa nyepesi na ya zamani nzito. Basi hii plastiki imezeeka, imekunywa. Dawa ni kuianika. Nikamuuliza kama tuigeuze juu chini, akakataa, kiti kitavunjika. Ikaanikwa siku tatu imekaa vilevile, kiti juu, jua kali kweli safari hii. Uzito haukupungua hata kidogo. Mjomba akasema kuna plastiki za namna nyingi.

Shemeji akaniita pembeni. "Keshokutwa narudi Ubena. Tumeshaongea na dada yangu. Mtakuja wote wawili, hili beseni la plastiki tutampa mtu anyweshee ng'ombe."

"Nani kaongea?"

"Sisi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unasikiliza maji," akasema, na akacheka, halafu akaona nilivyomtazama akaacha.

Nikamwomba mke wangu kesho moja. Moja tu. Nikirudi bila samaki, au nikirudi nimeinama upande mmoja, tunaondoka na sitafungua mdomo. Akasema, "Haya." Sikujua ni haya ya ndiyo au haya ya kuchoka.

Sikufika hata mwambani. Ilikuwa nzito tangu mwanzo, inakwenda imezamisha kichwa, na mimi nimekaa huko juu kama muadhini. Maji yalikuwa yanakupwa. Nikakata shauri nirudi kwa kupitia kwenye mashamba ya mwani, kina ni kidogo, na hapo hapo kayaki ikalala kushoto, nikaegemea kulia, ikaja kwa nguvu zote ikapitiliza. Nikawa ndani ya maji.

Nilipiga shahada. Nilipiga kelele, nilimwita mama yangu aliyekwisha kufa, nilishika kamba ya pembeni kwa mikono yote miwili na macho nimefumba. Nilikuwa nimerudi kwenye ile boti, nikiwahesabu wale wengine. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke, ya hasira.

"Simama!"

Nikaendelea na shahada.

"Kaka, simama bwana! Maji ya kifuani hayo!"

Nikashusha miguu. Nikakanyaga mchanga. Maji yalinifika chini ya makwapa. Mbele yangu mama mmoja wa mwani, kanga imefungwa kiunoni, fungu la kamba begani, ananitazama.

"Unaniulia mwani wangu kwa mateke," akasema. "Pole lakini."

Alikuwa mtu wa rika langu, nikimjua kwa sura, hatujawahi kuongea. Tukaisukuma kayaki hadi kwenye fungu la mchanga. Akakiangalia kiti, akaziangalia zile kalafati, akakunja uso. Kisha akaenda nyuma kabisa, kwenye mkia, akainama.

"Kizibo hiki mara ya mwisho umekifungua lini?"

"Kizibo gani?"

Kilikuwepo. Kitu cha plastiki cha mviringo, rangi moja na kayaki, kimejaa chumvi na mchanga. Nilikuwa nimekiona mara mia nikadhani ni pambo. Alikiparua kwa kisu chake cha kukatia kamba, akakizungusha kwa nguvu huku anaguna, kikatoka. Tukainua kichwa cha kayaki. Maji yakaanza kumwagika. Yakamwagika, yakamwagika, bomba nene kama mkono wa mtoto, na hayakwisha upesi.

Nikamshika mkono. "Dada, unasikia?"

"Nini?"

"Maji. Unayasikia maji?"

"Si yanamwagika, nitaachaje kuyasikia? Nina uziwi?"

Nikakaa chini. Pale mchangani, chini kabisa, na nyonga yangu hii. Sikuhisi maumivu mpaka baadaye.

Alinieleza huku anafunga kamba zake. Alikuwa mfuaji wa shuka kule hotelini, na jioni waliwapa kazi ya kuosha kayaki za wageni. Ndani ni tupu, alisema, ni hewa, na hewa ndiyo inayoibeba. Yale mashimo sita ni mabomba, yanapita toka juu hadi chini moja kwa moja, tumboni hayaingii. Wimbi likipanda juu linashukia hapo.

"Sasa nani kayaziba?"

"Mjomba."

"Na hizi skrubu zilizotoboa tumbo?"

"Mjomba."

"Huyo mjomba wako ana ugomvi na wewe?"

Nilijaribu kucheka. Bado silielewi jambo hili vizuri, na nimelifikiri sana. Mjomba alikuta mashimo yanayookoa, akayaziba kwa pamba safi. Akatoboa matundu madogo manane yanayozamisha, akayakagua kwa ndoo mbili, na kwa kipimo cha ufundi wake wote alikuwa sahihi. Maji hayakutoka kwa chini kwa sababu yalikuwa yanaingia ndani. Nahodha najua jinsi ya kumchukia, yeye aliambiwa akatukana. Shemeji nampa sehemu yake, kwa kunifanya mwehu mbele ya dada yake. Mjomba je? Nani alimwambia kosa lake, akakataa kusikia? Na mimi niliyesikia, niliyekuwa na masikio mawili mazima, nikaamini kichwa changu kibovu kuliko chombo kibovu, mimi niwekwe wapi?

Siku hiyohiyo nikafungua skrubu zote. Yule mama wa mwani akanionyesha jinsi walivyokuwa wakiziba nyufa kule hotelini: unakata kipande cha dumu la plastiki, unakiyeyusha kwa chuma cha moto, unakipakaza juu ya tundu kama lami. Alisema pia kiti kiko juu mno, mtu akikaa huko hata kayaki nzima itampindua. Nikapunguza miguu ya mninga vidole vinne, na badala ya skrubu nikakifunga kwa mikanda minne kwenye pete za ubavuni, zile ambazo kumbe ziliwekwa kwa ajili hiyo.

Ikabaki kalafati. Nikampelekea mjomba habari kwa adabu, nikamweleza hewa na mabomba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka nitoboe chombo."

"Nataka uyafungue tu, mjomba."

"Mimi sijatoboa chombo cha mtu toka nizaliwe."

Alikuwa ameshatoboa mara nane, lakini sikumwambia. Nikazitoa pamba mwenyewe kwa kipande cha nondo. Alikaa mlangoni kwake amegeuka upande mwingine.

Shemeji alikuja asubuhi na mizigo yake. Mke wangu, ambaye usiku nilimweleza habari yote ya kizibo, akamwambia asubiri mpaka maji yajae. Akashuka na mimi pwani, akashika mkia wa kayaki, akaisukuma yeye, na hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja tangu tuoane.

Nilitoka maji yakianza kujaa. Yale mashimo yalinitisha sana. Bahari inakuchungulia kwa chini, inapanda kidogo, inashuka, kikalio kinalowa, kila dakika naamini nazama. Lakini ilikaa wima. Nikiegemea inaegemea, nikirudi inarudi. Niliketi mpaka maji yalipojaa kabisa. Nyonga iliuma kidogo ya kawaida, maumivu ya mtu aliyefanya kazi. Nikarudi na changu, tasi wawili na chewa wa kutosha mchuzi wa nyumba mbili.

Shemeji alikuwa ameshaondoka. Alichoka kungoja, mke wangu alisema, na akaacha ujumbe kwamba kiti cha dukani hakitaningoja milele.

Samaki mmoja, yule chewa, nikampelekea mjomba. Alimpokea, akamgeuza, akamnusa kwenye mashavu.

"Umemvua na kile chombo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na mashimo yako wazi?"

"Yote sita."

"Chujio," akasema. "Mwanangu anavua kwa chujio." Akamwita mkewe aje amchukue samaki, akamwambia atie nazi nyingi, na akaniambia nikae tule pamoja. Akanitolea kiti.